Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mji wa Unguja: Kibali Kiseme Chokaa, na Ng'ambo Ihesabiwe Kuwa Mji

Kwa Waheshimiwa Viongozi
wenye dhamana ya hifadhi, mipango miji na nyumba,
Unguja Mjini, Zanzibar.

YAH: UKARABATI UNAOUA NYUMBA ZA MJI MKONGWE, NA UVUNJAJI WA NG'AMBO

Waheshimiwa, Assalaam aleikum.

Tunaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha tumeimaliza. Barua zimepokelewa zikagongwa muhuri, vikao vimekaliwa, tumeambiwa suala linafanyiwa kazi, na masika yamekuja yakaondoka. Sisi ni waashi, maseremala, wachoraji ramani na wakaazi wa pande zote mbili za barabara ya Darajani: Mji Mkongwe wa nyumba za mawe upande mmoja, na Ng'ambo upande wa pili. Hatuna ugomvi na mtu. Tunacholalamikia ni namna vibali vinavyotolewa na kazi zinavyoachwa bila kukaguliwa, na sehemu kubwa ya tunayoyaomba inaanza kwa kalamu kabla ya kufika kwenye fedha.

Mji huu kila aliyeushika ameuandika upya. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, peninsula ya Shangani ilianza kujaa nyumba za mawe zilizoupa mtaa mgongo na kufungua uso wake ndani, uani. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaleta duka lililoelekea njiani na roshani ya mbao juu yake. Waingereza wakaifukia hori iliyotenga mji na Ng'ambo; daraja likaondoka, jina la Darajani likabaki. Mwaka 1923 mpanga miji Lanchester akawaandalia mpango wa mji, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, nyumba nyingi za mawe zikawa za Serikali na kugawiwa familia nyingi, na mpango wa mwaka 1968, ulioandaliwa na mpanga miji Scholz wa Ujerumani Mashariki, ukafuatiwa na maghorofa ya Michenzani yaliyopita juu ya mitaa ya udongo. Kisha ukaja mpango wa Wachina wa mwaka 1982, biashara ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nyumba zikaanza kuuzwa, hoteli zikaingia, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Tunapoleta malalamiko, jibu la kwanza huwa kwamba nyumba zimezeeka. Tunalikataa jibu hilo. Nyumba ya chokaa inayotunzwa haina umri wa kufa. Zinazoanguka zinaangushwa na maamuzi, na maamuzi ya leo ni yenu. Hoja zetu ni hizi.

1. Simenti juu ya ukuta wa chokaa

Hili ndilo kubwa, na mtatuwia radhi tukilieleza kwa urefu.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa katika mota ya chokaa, mchanga na udongo mwekundu, mara nyingi kwa unene wa sentimita 50 hadi 60. Chini hauna tabaka la kuzuia unyevu. Unanyonya maji ya ardhini, nayo yana chumvi, kisha unayatoa nje kupitia plasta ya chokaa. Maji yakishakauka, chumvi inabaki juu ya plasta na kuifanya ipukutike kama unga. Mwenye nyumba anaona aibu, lakini ukuta uko salama: plasta imejitoa ili jiwe lisalimike. Baada ya miaka kadhaa fundi anakwangua na kupiga upya, basi.

Ukipiga plasta ya simenti, tuseme debe 1 la simenti kwa madebe 3 ya mchanga, umeuziba ukuta pua na mdomo. Maji hayaachi kupanda. Yanakosa pa kutokea, kwa hiyo yanapanda zaidi, kutoka usawa wa goti hadi kifuani, na mwisho yanafika kwenye boriti. Chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Pita leo kichochoro chochote nyuma ya Mkunazini, gonga kwa kifundo cha kidole plasta ya simenti iliyopakwa rangi mpya: inalia kama debe tupu. Ikianguka haipukutiki, inashuka sahani nzima na kuondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba anaogopa, anaongeza simenti na wavu wa waya, na wavu unaota kutu kwa sababu ya chumvi ile ile. Hapo nyumba iliyokuwa inahitaji matengenezo madogo imekuwa mgonjwa.

Neno saruji lenyewe lingepaswa kutukumbusha. Limetoka Ghuba, na Oman hadi leo sarooj ni udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa; ndiyo iliyoshika mifereji ya aflaj na ngome zao. Sisi tulilichukua jina tukaja kulivisha kitu kingine.

Kazi sahihi inajulikana, na inaandikika katika kibali kwa mistari michache. Chokaa izimwe kwa maji na ilazwe shimoni, ifunikwe kwa maji, angalau mwezi 1. Miezi 3 ni bora. Mchanga uwe wa nchi kavu au uoshwe mpaka chumvi itoke. Mchanga wa pwani usiooshwa unaleta ugonjwa ndani ya dawa. Simenti ya zamani ing'olewe kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa, kwa sababu ndani ya ukuta mna kokoto zilizojazwa tu, na mtikisiko unazishusha. Ukuta uachwe wazi ukauke, wiki kadhaa na pengine zaidi. Kisha plasta ipigwe kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 12, na tabaka jipya lisipigwe mpaka la chini likatae alama ya ukucha. Kila tabaka lifunikwe magunia yaliyoloweshwa, lisipigwe na jua, na linyunyiziwe maji kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa, na ikikauka kwa haraka inapasuka. Mwisho ni niru, yaani tabaka laini la juu la chokaa, na rangi iwe ya chokaa. Rangi ya mafuta inarudisha kosa lile lile kwa brashi.

Tunaloshuhudia ni kinyume chake. Kibali kinasema "ukarabati", hakisemi kwa kitu gani. Mkaguzi anafika rangi ikishapakwa, wakati ambapo hakuna jicho linaloweza kujua kilichomo chini yake.

2. Boriti na bafu za hoteli

Upana wa chumba cha Mji Mkongwe uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko inabeba dari ya mawe na chokaa, ambayo ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu, kwa takriban mita 3, haizidi sana, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kwa karne nyingi majahazi yalipeleka boriti za pwani hii, za Rufiji na Lamu, hadi Ghuba, na vyumba vya huko vilipimwa kwa mti huo huo.

Boriti haiozi katikati. Inaoza kwenye ncha, pale ilipoingia ukutani, mahali ambapo hakuna anayeona. Nyumba iliyojengwa na choo kimoja au viwili pembeni mwa ukuta wa nje leo imegeuzwa nyumba ya wageni, na kila chumba kina bafu lake. Mabomba yamechimbiwa ndani ya kuta, vigae vimepangwa juu ya dari ya chokaa, na kiungo kimoja kinachovuja tone tone kinatosha. Unyevu unaingia kwenye ncha, plasta ya simenti inauzuia kutoka, na baada ya misimu michache boriti imebaki gamba. Ukiichoma kwa bisibisi inaingia kama kwenye muhogo uliochemka. Chini yake kuna mtu amelala.

Ukaguzi wake ni rahisi. Kila ncha ichomwe, igongwe na isikilizwe, na ufunguliwe upenyo mdogo kando yake kuangalia kina cha uozo. Kabla ya kugusa chochote dari iwekewe mihimili, na mihimili ipange mstari mmoja kutoka ghorofa ya chini kabisa hadi juu. Mhimili unaosimama juu ya dari ya ghorofa ya pili unahamisha uzito tu kutoka boriti mbovu kwenda boriti nyingine. Boriti mpya ilazwe kando ya ile mbovu, ikalie ubao mgumu ndani ya ukuta, na ncha yake iachiwe nafasi ya hewa pande zote. Bafu zikae juu ya bafu, upande mmoja wa nyumba, na mabomba yapite nje ya ukuta ambapo kuvuja kunaonekana siku hiyo hiyo. Wapo wanaolalamika kwamba bomba la nje linaharibu sura. Tunakubali linaharibu sura. Bomba la ndani linaharibu nyumba.

3. Uzito unaoongezwa juu

Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2. Tumeyaona yamepangwa mawili mawili juu ya dari ya boriti, katikati ya chumba, bila mtu kuuliza. Ghorofa moja inayoongezwa kwa ajili ya mgahawa wa kutazamia bahari ni balaa zaidi: bamba la zege lenye unene wa sentimita 15 juu ya chumba cha mita 3 kwa 6 lina tani zaidi ya 6, kabla ya kuta, viti na watu. Ukuta wa mawe ya matumbawe unabeba vizuri mzigo unaoshuka sawasawa. Haukuzoea nguzo za zege zinazoubana sehemu moja na kuuachia nyingine.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani lililojengwa mwaka 1883, lilianza kudondosha sehemu zake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, upande wa mbele na mnara wake ukaporomoka na watu wakafa. Dalili ilionekana miaka 8 kabla. Hatutaki kuhesabu miaka mingine kwa nyumba zisizo na jina, zenye wapangaji ndani.

4. Nyumba za Serikali na za wakfu

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ilipogawiwa familia sita, zilihitajika jiko sita na maji sita, na hakuna aliyepewa jukumu la paa. Mpangaji wa chini haimhusu, wa juu hana uwezo, na kodi inayolipwa hailipii hata bati. Mapinduzi yaliwapa makaazi watu waliokuwa hawana. Hilo tunaliheshimu na tunalitetea. Lakini kumpa mtu nyumba bila kupanga nani atatengeneza mlizamu wa darini unaotoa maji ya mvua ni kumpa nusu ya nyumba.

Sasa tunaona nyumba zikiachwa mpaka zitangazwe hatari, wapangaji wanahamishwa kwa muda, na wanaorudi si wao. Wenyeji wakitoka wote, Mji Mkongwe utabaki na milango iliyonakishiwa na hautabaki na watu wa kuifungua.

5. Njia na mitaro

Kila njia inapotengenezwa, tabaka jipya linawekwa juu ya la zamani. Njia imepanda, kizingiti kimebaki, na maji ya mvua yanaingia ndani ya nyumba ambazo zamani zilipandiwa kwa ngazi. Baraza za nje, ambazo watu walizitumia kama njia ya juu mvua ikijaa, nyingine sasa ziko usawa wa kifundo cha mguu. Tabaka la zamani ling'olewe kwanza, njia ilalie katikati kwa sentimita 2 kwa kila mita, na mfereji ufuate humo. Upande wa Darajani na Mnazi Mmoja, ambako bahari ilikuwa inaingia kabla haijafukiwa, mitaro ipimwe kwa siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kwa sababu mvua ikikutana na maji kujaa, mtaro uliopimwa siku ya kawaida hauna pa kumwaga.

6. Ng'ambo

Sheria ya hifadhi inaishia barabara ya Darajani, na fikra za wapanga miji nazo zinaishia hapo hapo. Upande mmoja ni urithi, upande wa pili ni kiwanja. Mgawanyo huu haukuanza na nyinyi. Wakoloni waliuita mji wa mawe kuwa ndio mji, na waliojenga kwa miti na udongo wakawaita wenyeji wa upande wa pili. Inatusikitisha kwamba Mapinduzi yaliyofanywa na watu wa Ng'ambo yamepita, na mstari ule bado upo kwenye ramani.

Nyumba ya Ng'ambo ina akili yake. Mbele baraza, katikati ukumbi unaopitisha upepo, vyumba huku na huku, nyuma uani penye jiko, kisima na choo. Baraza ni ya wageni na mazungumzo, uani ni pa wanawake na kazi, na mtu anatoka hadhara kwenda faragha hatua kwa hatua bila kufunga mlango hata mmoja. Maghorofa ya Michenzani yaliyoanza kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliwapa watu umeme, kuta imara na anuani yenye heshima. Wengi wa waliovunjiwa walipewa nyumba humo. Yaliwanyima baraza na uani. Ghorofa za juu maji hayakupanda, na akina mama wakayapandisha kwa ndoo. Watu wakaitafuta baraza chini ya majengo, na Kisonge, hapo hapo Michenzani, ikawa maskani ya siasa inayojulikana visiwa vyote, kama vile kijiwe cha Jaws Corner upande wa Mji Mkongwe. Huo ni ushahidi kwamba baraza isipochorwa na mpanga miji, watu wataichora wenyewe.

Leo maghorofa mapya yanachorwa tena bila baraza na bila uani, kana kwamba Michenzani haikutufundisha chochote. Na Michenzani yenyewe, majengo 10 ambayo ni historia ya nchi hii, nondo zake zinaota kutu. Nondo ikiota kutu inapanuka na kulipasua zege kutoka ndani, na vipande vinavyoanguka kutoka roshani havichagui kichwa. Kupaka rangi upande unaoelekea barabara hakusimamishi kutu.

Fikra mbadala ipo tayari. Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 juu ya mandhari ya kihistoria ya miji linasema mji utazamwe mzima, na mpango wa Ng'ambo Tuitakayo ulipita mitaani kuwauliza wakaazi kitu gani kwao kina thamani. Kazi imefanywa. Inasubiri kusomwa.

Tunajua yatakayosemwa. Kwamba chokaa ni ghali na inachelewesha: inachelewesha kweli, na mwenye hoteli anayetaka kufungua kabla ya msimu wa wageni ataumia. Lakini plasta ya simenti inayorudiwa kila baada ya miaka michache, ikiondoka na jiwe kila mara, ni ghali kuliko subira. Kwamba mafundi hawapo: wapo, wamezeeka, na vijana hawajifunzi kazi isiyoandikwa katika kibali chochote. Siku kibali kitakaposema chokaa, vijana watakuja. Kwamba matanuri ya chokaa yanakula miti na mikoko inalindwa: hoja hii ni ya kweli na tunaichukua kwa uzito. Jibu lake ni tanuri la pamoja linalobana moto, linalochoma magogo ya minazi iliyokwisha kuzaa, na boriti zinazovunwa kwa zamu na kuhifadhiwa, zikiwemo nzima zinazotoka kwenye nyumba zilizobomoka ambazo sasa zinaishia kuwa kuni. Na kwamba watu wa Ng'ambo wenyewe wanataka maghorofa: wengi wanayataka, nasi hatuwaombei kubaki na makuti. Tunaomba ghorofa lenye baraza.

Kwa hiyo tunaomba, Waheshimiwa:

(a) Kila kibali cha ukarabati wa jengo la mawe kitaje mota, plasta na rangi ya chokaa, na kikataze simenti kwenye ukuta wa zamani. Ukaguzi ufanyike mara 3: ukuta ukiwa wazi, boriti zikiwa wazi, na kabla ya rangi. Bila saini ya awamu ya kwanza, ya pili isianze.

(b) Matangi yote yaliyo juu ya dari za boriti yakaguliwe kabla ya masika yajayo. Yasiyo juu ya ukuta unaobeba yashushwe. Vibali vya kuongeza ghorofa visimamishwe mpaka kila kimoja kiwe na hesabu ya uzito iliyosainiwa na mhandisi.

(c) Milizamu, mabati na mabomba ya nyumba za Serikali na za wakfu yatengenezwe kwanza, kabla ya kuta na kabla ya rangi. Nyumba inayovuja juu haitengenezeki chini.

(d) Mpangaji anayehamishwa kupisha ukarabati apewe hati inayotaja chumba chake na tarehe ya kurudi.

(e) Ianzishwe bohari moja ya chokaa iliyolazwa, mchanga uliooshwa na boriti, na kila kazi ya Serikali ichukue vijana wanagenzi chini ya mwashi mzee.

(f) Ng'ambo isivunjwe nyumba hata moja kwa mradi wa umma kabla michoro haijabandikwa katika ofisi ya sheha kwa siku 30, ikionesha baraza, uani wa pamoja na jinsi maji yatakavyopanda ghorofani. Nondo za Michenzani zipimwe na matokeo yatangazwe.

Tunaomba jibu la maandishi, hoja kwa hoja, hata kama jibu ni hapana, ili tujue ni hoja gani imekataliwa na kwa sababu gani. Mafundi wetu wako tayari kuonesha ukuta mmoja wa majaribio, nusu chokaa na nusu simenti, katika jengo lolote mtakalolichagua, na mje kuugonga wenyewe baada ya masika mawili.

Wabillahi tawfiq.

Sisi, waashi wa chokaa, maseremala, wachoraji ramani na wakaazi wa Mji Mkongwe na Ng'ambo,
Unguja.